Kuchagua hedifoni za kumiksi okestra ukiwa Dodoma

Siku ya uzinduzi wa albamu, mwalimu wa kwaya alinivuta pembeni akaniuliza: “Fundi, zile selo tulizokubaliana ziko wapi?”

Zilikuwemo hizo selo, ndugu wakubwa wa vayolini. Usiku kucha nilikuwa nazisikia mwenyewe, nzito na tamu. Tatizo ni kwamba nilizisikia kwenye hedifoni zangu tu. Hedifoni zile zilikuwa zimeongezewa besi tangu kiwandani, kwa hiyo kila nilipoona selo zimezidi nilizipunguza, kesho yake nikazipunguza tena. Kazi ilipotoka kwenye spika za kanisa, ambazo zenyewe besi yake ni ya kubabaisha, zilibaki vayolini zinalia kama mbu na waimbaji wanaelea juu bila sakafu.

Tangu hapo nimenunua, nimeazima na nimerudisha hedifoni nyingi kuliko ninavyopenda kukiri nyumbani. Ninachoandika hapa ni njia ninayoifuata sasa, na ambayo vijana wanaokuja kwangu huwa nawapitisha kabla hawajatoa hela mfukoni.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Kwa wazee wetu okestra ni Mlimani Park au Maquis, magitaa na tarumbeta na watu wanacheza hadi asubuhi. Hapa naongelea ile ya vayolini, selo, filimbi, honi za kupuliza na ngoma za timpani. Wengi wetu huku hatujawahi kuweka maikrofoni mbele ya vayolini kumi na sita zikipigwa kwa pamoja. Okestra yetu inakaa kwenye kompyuta: sampuli, yaani noti moja moja za ala halisi zilizorekodiwa ng'ambo, mfano zile ambazo kampuni ya Spitfire Audio ilirekodi na BBC Symphony Orchestra katika studio za Maida Vale, London. Tunazipiga kwa kinanda, kisha tunaziweka chini ya kwaya iliyorekodiwa hapahapa, pengine kwenye chumba chenye mapazia mazito na magodoro ukutani.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Vayolini zimekuja na ukumbi wao mkubwa ndani ya sauti, kwaya imekuja na magodoro yake. Kumiksi ni kuzipanga na kuzisawazisha sauti hizo ziwe wimbo mmoja: kazi yako ni kuwaketisha wote chini ya paa moja. Kwa hiyo hedifoni unayoitafuta ni ile inayokuonyesha umbali, nani yuko mbele na nani yuko nyuma, na inayosema ukweli kuhusu sauti za kati. Besi ya kutikisa shingo iache kwenye bajaji.

Hatua ya kwanza: sikiliza chumba chako kabla ya kusikiliza hedifoni

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kelele zinazoingia chumbani kwako na saa zake. Mchana kuna bodaboda, mashine ya kusaga, duka la jirani lenye spika nje. Mwezi wa saba na wa nane kuna upepo unaopiga mabati mpaka unadhani mtu anatembea juu ya paa. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, bati lisilo na dari linafuta kila kitu. Kisha kuna zile saa za kuanzia saa tano usiku, mji umelala, na unasikia hadi feni ya kompyuta.

Okestra inahitaji ukimya kuliko bongofleva. Wimbo wa kisasa unakaa kwenye sauti ileile kubwa toka mwanzo hadi mwisho. Okestra inanong'ona, inapanda, inanguruma, inarudi kunong'ona. Ile sehemu ya kunong'ona, mahali ambapo vayolini zinafifia na mwangwi wa ukumbi unabaki peke yake, ndipo miksi nyingi zinaharibika. Ukiwa na jenereta dirishani hutaisikia.

Baada ya wiki utajua una saa ngapi za ukimya kwa siku, na jibu hilo linakupeleka moja kwa moja kwenye uamuzi unaofuata.

Hatua ya pili: mgongo wazi au mgongo uliofungwa

Geuza hedifoni uangalie upande wa nje wa kikombe. Kama kuna wavu au matundu na ukipuliza hewa inapita, hizo ni za mgongo wazi. Kama ni plastiki au chuma kitupu, mgongo umefungwa. Kuna na za katikati, nusu wazi, kama AKG K240 Studio.

Kwenye kikombe kilichofungwa, sauti inayotoka nyuma ya spika ndogo haina pa kwenda. Inagonga ukuta na kurudi sikioni. Watengenezaji wazuri wanaipunguza kwa sponji, lakini mara nyingi inabaki chembe ya uvimbe kwenye besi na hali ya kusikia kila kitu kikitokea katikati ya fuvu lako. Mgongo ukiwa wazi hewa inatoka, besi inanyooka, na ukumbi unaonekana kuanza nje kidogo ya masikio. Kwa kazi ya kupima umbali wa honi zilizo nyuma ya vayolini, tofauti hiyo si ya kifahari, ni ya lazima.

Gharama yake: kila kelele ya nje inaingia, na kila unachosikiliza kinatoka. Mwenzako anayelala chumba hichohicho atasikia vayolini zako zote. Na usimvalishe mwimbaji hedifoni za mgongo wazi wakati wa kurekodi. Mdundo utavuja uingie kwenye maikrofoni yake na hutautoa tena.

Ushauri wangu, na najua wako watakaobisha: kama una saa tatu tu za ukimya usiku, nunua mgongo wazi na umiksi saa hizo tatu. Za mgongo uliofungwa, za bei ya kawaida, ziwe za waimbaji. Kama hela inatosha jozi moja tu na unarekodi na kumiksi, hapo chukua iliyofungwa ukijua unachokikosa. Na kama nyumba yako iko kando ya barabara yenye malori usiku na mchana, ukinunua mgongo wazi utakuwa umepoteza hela.

Hatua ya tatu: omu, na saundi kadi uliyonayo mezani

Hapa ndipo watu wengi wanaponunua kitu kizuri kisha wanakilaumu bure.

Kila hedifoni ina ukinzani unaopimwa kwa omu. Sony MDR-7506 ni omu 63. Audio-Technica ATH-M50x ni 38. Sennheiser HD 600 ni 300. Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa kwa matoleo ya omu 32, 80 na 250, na yanakaribia kufanana kwa sura, kwa hiyo soma maandishi kwenye boksi, usisome rangi. Namba kubwa haimaanishi ubora. Inamaanisha hedifoni inahitaji volti nyingi zaidi ili ipige kwa nguvu ileile.

Tupige hesabu. Chukua DT 990 Pro ya omu 250. Kiwandani wanasema ukiipa miliwati 1 inatoa desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Chukulia tundu lako la hedifoni lina uwezo wa kutoa volti 1 tu, kama ilivyo kwa simu nyingi na saundi kadi za bei ya chini (saundi kadi ni kile kifaa cha kuunganisha maikrofoni na hedifoni kwenye kompyuta). Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa omu: 1 gawanya kwa 250, sawa na miliwati 4. Miliwati 4 ni desibeli 6 juu ya ile moja, kwa hiyo mwisho wake ni desibeli 102.

Utasema 102 si nyingi? Hizo ni za kilele, pale timpani na matoazi yanapopiga kwa pamoja. Wastani wa okestra unaweza kuwa desibeli 20 chini ya kilele, sawa na 82. Sehemu za kunong'ona ziko chini zaidi. Ukiweka na programu ya kusahihisha sauti ya hedifoni, ambayo huwa inakushusha kama desibeli 6 ili isipasue, unabaki na 76. Kitasa kimefika mwisho, bado unakaza masikio. Volti hiyohiyo ukiipeleka kwenye hedifoni ya omu 32 inatoa miliwati 31.

Kwa hiyo fungua kitabu cha saundi kadi yako, tafuta mstari wa tundu la hedifoni, uangalie vitu viwili. Kimoja ni nguvu au volti inazotoa. Cha pili ni ukinzani wa tundu lenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba hedifoni iwe na omu angalau mara nane ya zile za tundu. Tundu la omu 10 linataka hedifoni ya omu 80 kwenda juu. Ukikiuka, besi ya baadhi ya hedifoni inavimba na wewe unadhani umeipata bure.

Kama saundi kadi haitoshi una njia mbili: kuongeza amplifaya ndogo ya hedifoni, au kuchagua hedifoni ya omu chache. Ya pili haina aibu yoyote. Weka hesabu ya amplifaya kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo HD 600 yako itakaa mezani ikikusubiri mwezi mzima.

Hatua ya nne: fahamu sauti zinakaa wapi

Boksi litakwambia “5 hadi 35,000 Hz”, yaani mitetemo kwa sekunde, kutoka sauti nene hadi nyembamba. Usibabaike. Bila kusema sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi humo katikati, namba hizo ni sawa na kuambiwa barabara inatoka Dodoma hadi Singida bila kuambiwa mashimo yako wapi.

Angalia ala zenyewe. Besi kubwa ya nyuzi, ile ya kusimama, noti yake ya chini ni kama 41 Hz. Selo inaanzia 65, viola 131, vayolini 196, filimbi 262. Pikolo, filimbi ndogo kuliko zote, inakwenda hadi karibu na 4,000 Hz. Juu ya hapo hakuna noti tena, ni harmoniki, yaani sauti ndogo zinazozaliwa juu ya kila noti, pamoja na mkwaruzo wa upinde kwenye nyuzi, pumzi ya mpiga filimbi, mng'ao wa matoazi.

Tazama sasa jinsi kati ya 150 na 500 Hz palivyojaa. Selo zipo, viola zipo, honi zipo, mkono wa kushoto wa kinanda upo, na teno na besi za kwaya yako nao wameketi hapohapo. Ni kama daladala ya jioni. Hedifoni isiyoonyesha vizuri eneo hili itakuficha msongamano wote.

Kuna jambo jingine ambalo lingeniokoa siku ile ya uzinduzi. Spika ndogo na zile za kanisani zenye mdomo kama tarumbeta haziwezi kutoa 41 Hz. Lakini zikitoa 82, 123 na 164, ambazo ni harmoniki za noti hiyo, ubongo unaijaza yenyewe ile ya chini na msikilizaji anasikia besi. Maana yake selo na besi zako zinaishi au zinakufa kwa harmoniki zao za kati. Mimi nilikata kote, chini na kati, kwa sababu hedifoni ilinidanganya kote.

Kwa anayechanganya okestra na muziki wa hapa kwetu, jaribio ni kali zaidi. Tuning, yaani mpangilio wa noti, ya muziki wa Kigogo, ule wa zeze na ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) ambao Hukwe Zawose aliutembeza duniani na ambao bado unapigwa kila mwaka kwenye tamasha la Chamwino, inafuata harmoniki za asili kuliko kinanda. Harmoniki ya saba iko chini ya noti inayolingana nayo kwenye kinanda kwa senti 31, karibu theluthi ya hatua nzima kati ya kibonye kimoja na kinachofuata. Weka ilimba juu ya vayolini za sampuli na utasikia sauti mbili zikisuguana, zinatetemeka. Wakati mwingine ule mtetemo ni utamu, wakati mwingine ni karaha, na lazima uusikie ndipo uamue. Hedifoni zenye besi nzito na trebo (sauti nyembamba za juu) kali huuzika kabisa.

Ukitaka kujua hedifoni fulani ikoje kabla ya kuiona, tafuta grafu zake mtandaoni. Zile za wapimaji zinaaminika kuliko za kwenye boksi. Angalia kuanzia 100 hadi 4,000 Hz kama mstari umetulia. Tofauti ya desibeli moja au mbili isikunyime usingizi. Juu ya 8,000 Hz usiiamini grafu sana, maana umbo la sikio lako na la kile kichwa cha kupimia havifanani.

Hatua ya tano: majina

Hizi ndizo ninazoweza kuzisemea.

Sennheiser HD 600 ipo sokoni tangu 1997 na bado watu wanaipimia nyingine. Sauti za kati zake ni safi mno. Sauti ya mtu inakaa kama mtu. Besi ya chini kabisa inafifia, kwa hiyo ngoma kubwa na pedali ya ogani utazihisi pungufu. Kwa kwaya na nyuzi, kama ningebakiziwa jozi moja maishani, ningeshika hii.

Beyerdynamic DT 990 Pro ni ya mgongo wazi na bei yake ni ya chini kuliko HD 600. Ukumbi wake ni mpana. Ila trebo yake imepandishwa sana, karibu na 8,000 Hz na kuendelea. Vayolini zinang'aa mno, unazipunguza, na kwenye spika nyingine zinatoka zimefifia. Ni kosa langu la selo likiwa limegeuzwa juu chini. Ukiisahihisha kwa programu inakuwa chombo kizuri.

AKG K702 ina upana unaokufanya ugeuze shingo kutafuta aliyepiga obo. Besi ni kidogo. Omu zake ni 62 tu, lakini usidanganyike, inadai nguvu kuliko namba hiyo inavyoonyesha.

Audio-Technica ATH-R70x ni nyepesi, gramu 210 hivi bila waya, na hata ukiivaa kwa saa nne mfululizo huhisi kitu. Omu 470, kwa hiyo bila amplifaya ya maana usiifikirie.

Upande wa zilizofungwa, Sony MDR-7506 ndiyo mkongwe, tangu 1991. Inafichua makosa ya kurekodi: mdomo unaogonga, kiti kinacholia, karatasi ya noti inayogeuzwa. Kwa umbali na kina haitakusaidia sana, na ngozi ya pedi zake huwa inabanduka. DT 770 Pro ni starehe zaidi kichwani, na besi yake ni nene. ATH-M50x ni nzuri kwa anayetengeneza midundo; kwa okestra mimi hainipeleki popote.

Za bluetuthi? Hapana. Sauti inachelewa, inabanwa, na huwezi kupiga kinanda ukiisikiliza. Zenye kufuta kelele zinaibadilisha sauti ili kukufurahisha.

Hatua ya sita: dukani

Dodoma maduka ya vifaa vya muziki yapo, ila hedifoni za mgongo wazi mara nyingi ni za kuagizwa. Siku hizi treni ya SGR inakufikisha Dar chini ya saa tano, kwa hiyo wengi wanaenda Kariakoo wenyewe na kurudi. Ukiagiza nje, ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla ya kufurahia bei uliyoiona mtandaoni.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Hedifoni maarufu zina bandia nyingi, nazo zimetengenezwa kwa ustadi. Tafuta uzito halisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na uulinganishe. Bandia huwa nyepesi. Angalia namba ya utambulisho ya bidhaa (serial number) kwenye boksi na kwenye hedifoni kama zinalingana. Kagua maandishi, pini ya waya, na mshono wa pedi. Bei ikiwa nusu ya mahali pengine pote, hiyo ndiyo dalili kubwa.

Nenda na laptopu yako, saundi kadi yako, na faili zako za WAV au FLAC, zile zisizopoteza ubora wa sauti. Usikubali kujaribishiwa wimbo wa muuzaji kwenye simu yake. Muuzaji akikataa usizijaribu, mshukuru, ondoka.

Hizi ndizo ninazozipiga.

Naanza na Boléro ya Maurice Ravel, ya 1928. Inaanza na ngoma ndogo ya vijiti kwa sauti ya chini kabisa, nyuzi zikidonolewa kwa vidole, kisha filimbi peke yake inaimba, halafu klarineti. Kwa robo saa hivi inapanda tu. Weka sauti ili ngoma ya mwanzo isikike kwa shida kidogo, kisha usiguse kitasa tena. Mwanzoni jiulize: ile ngoma iko umbali gani? Mwishoni, tarumbeta zikiwa zimewaka, jiulize kama masikio yanauma. Hedifoni yenye trebo kali itakuchosha kabla wimbo haujaisha.

Ya pili ni The Young Person's Guide to the Orchestra ya Benjamin Britten, ya 1945. Aliitunga kufundishia watoto, na kwetu sisi ni kama karatasi ya mtihani. Okestra nzima inapiga, kisha familia moja moja: za kupuliza za mbao, za shaba, za nyuzi, za kugonga. Kila familia inapoingia, elekeza kidole mahali unapoisikia. Kama zote unazionyesha mahali pamoja, rudisha hizo hedifoni mezani.

Ya tatu ni mwanzo wa Also sprach Zarathustra ya Richard Strauss, ya 1896. Kuna C ndefu ya chini kabisa ya ogani na besi za nyuzi kabla tarumbeta hazijaingia. Je, unasikia noti, au unasikia kitu kinatikisika tu?

Ya nne ni kazi yako mwenyewe ambayo unaijua kasoro zake. Hedifoni nzuri itakuonyesha kasoro hizo ndani ya dakika moja. Ikikwambia umefanya kazi nzuri, itilie shaka.

Sasa mambo mawili ambayo watu hawayafanyi. Unapolinganisha hedifoni mbili, zilinganishe kwa ukubwa uleule wa sauti. Iliyo juu kidogo, hata kwa desibeli moja, sikio litaipa ushindi bila sababu. Pia, piga sauti ya mtu mmoja katika mono, yaani sauti ileile pande zote mbili. Inatakiwa ikae katikati kabisa ya kichwa. Ikivuta kushoto, geuza hedifoni, kulia kuwe kushoto. Ikihamia upande mwingine, hedifoni ina kasoro. Ikibaki palepale, ni sikio lako, na afadhali umejua.

Kichwa, joto na vumbi

Kaa nazo kichwani dakika ishirini dukani, hata wakuangalie vibaya. Kama unavaa miwani, kilemba, hijabu au umesuka, nenda ulivyo siku za kazi, kwa sababu mwanya mdogo chini ya pedi unaiba besi. Oktoba na Novemba pedi za ngozi ya bandia zinakutoa jasho mpaka shingoni. Za mahameli zinapumua. Ila mahameli inakamata vumbi letu jekundu kama sumaku. Mimi nimechagua mahameli na brashi ndogo ya viatu ambayo haijawahi kugusa kiatu. Zikilala, zilale ndani ya mfuko wa kitambaa, si juu ya spika karibu na dirisha, hasa za mgongo wazi, maana vumbi likiingia kwenye ule wavu linafika hadi kwenye utando wa spika na unaanza kusikia mkwaruzo kila besi inapopiga. Uliza pia kama waya unachomoka na kama pedi zinauzwa peke yake. Majibu yote mawili yakiwa hapana, punguza bei kichwani mwako.

Hatua ya saba: wiki mbili za kuzoeana

Usimiksi kazi ya mtu wiki ya kwanza. Sikiliza tu. Rekodi za okestra unazozipenda, kwaya unazozijua, taarifa ya habari. Mtu atakwambia uziache zipige zenyewe masaa mia ili “zifunguke”. Kinachofunguka zaidi ni ubongo wako, na haufunguki hedifoni zikiwa kabatini.

Wiki ya pili shughulikia upana. Spika zikiwa mbele yako, sauti ya spika ya kushoto inafika sikio la kushoto, na kama robo ya milisekunde baadaye inafika la kulia ikiwa imepungua makali. Kwenye hedifoni hilo halipo: kushoto ni kushoto tu. Ndiyo maana vayolini za kwanza ulizozivuta kushoto zote zinaonekana zimebandikwa sikioni, na wewe unazirudisha katikati mno. Zipo programu ndogo za kuchanganya kidogo pande mbili ili kuiga spika. Iwashe unapopanga nafasi za ala, izime unapokagua makelele.

Kuhusu kusahihisha sauti ya hedifoni yenyewe: kwenye Windows, Equalizer APO ni ya bure, na mradi wa AutoEq unatoa mipangilio ya hedifoni nyingi bila malipo. SoundID Reference ni ya kulipia na ni rahisi zaidi kutumia. Zote zinasaidia. Ila kama umeiweka ndani ya programu ya kumiksi, kwenye chaneli kuu, izime kabla ya kutoa faili la mwisho. Niliwahi kumkabidhi mteja wimbo uliosahihishwa kwa ajili ya hedifoni zangu. Alidhani ndiyo mtindo mpya.

Chora alama kwenye kitasa cha sauti kwa penseli na umiksi hapo kila siku. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza. Ukimiksi leo juu na kesho chini, selo zitakuwa za watu wawili tofauti. Na alama hiyo isiwe juu sana. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila ukipanda desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili, yaani 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Kila dakika arobaini na tano mimi huzivua, natoka uani, nasikiliza upepo.

Kisha toka nazo. Miksi yoyote ninaipeleka kwenye simu, kwenye gari la rafiki, na kwenye spika za kanisa siku ya mazoezi watu wakiwa hawajajaa. Naandika kwa kalamu kilichopotea na kilichozidi kila mahali. Baada ya kazi tano au sita utaona mchoro unajirudia, labda kila mara viola zimezidi kidogo, na utaanza kujirekebisha kabla hujatoka.

Pedi zikiisha sauti inabadilika, besi ndiyo hutangulia kuondoka. Za kwangu nazibadilisha zinapoanza kulala bapa, na kabla sijagusa kazi ya mtu narudi kwenye ile ngoma ndogo ya Ravel, nifumbe macho, niangalie kama bado iko palepale.